Shajara ya mradi: picha moja ya kalafati, Matondoni

Mradi wenyewe

Picha moja tu. Fundi anakalafati dau, yaani anaziba mishono ya mbao zake, ufukweni Matondoni, kijiji cha kisiwani kwetu Lamu, mimi namfuata na simu. Najifunza istilahi za mpangilio wa picha moja baada ya nyingine, kila nikiielewa moja naijaribu juu ya picha hiyohiyo, naichora juu yake kwa penseli, halafu narudi palepale naipiga upya mpaka kila kilichoingia kwenye fremu kiwe na sababu ya kuwemo. Sitaki albamu wala rundo la picha za kuchagua, nataka moja niijue ndani nje.

Kwa nini kalafati? Kwa sababu Lamu inapigwa picha sana wallahi, na karibu zote ni zilezile, tanga jeupe na jua linazama, punda kwenye kichochoro, mlango wa nakshi na paka mbele yake. Sizikatai, nyingine nzuri mno, na mji wetu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 so watu wataendelea kuja na kamera na wana haki. Lakini chombo chenyewe kinavyoundwa hakionekani. Mtu anajua tanga hajui mataruma, yaani mbavu za chombo, anajua jahazi likikata maji hajui pamba iliyolowekwa mafuta inavyosukumwa kwa patasi na nyundo kwenye mshono baina ya ubao na ubao ili maji yasipite. Hio pamba ndo inamrudisha mvuvi nyumbani. Nimeandika juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari: pamba inaingia kwenye mshono. Kila istilahi nitakayojifunza lazima iisaidie sentensi hio, isiposaidia naiweka kando hata iwe maarufu vipi.

Vifaa ni simu ya kawaida, lenzi kuu ina urefu wa fokasi (ndo unaoamua fremu inachukua upana gani) wa kama milimita 26 ukiihesabu kwa kipimo cha filamu ya milimita 35, picha inatoka pikseli 4000 kwa 3000. Gridi nimeiwasha kwenye kamera. Halafu kuna picha niliyoichapisha duka la fotokopi na karatasi nyembamba ya kupitisha mwanga ya kuweka juu yake nichore. Hio karatasi ni kifaa kikubwa kuliko simu, mtu asiidharau.

Picha ya kuanzia, ina nini ndani

Kabla ya istilahi yoyote nimeorodhesha vitu tu. Dau limeegemezwa kwa magogo, omo, yaani mbele ya chombo, iko kulia. Fundi amechutama karibu na omo, mkono mmoja patasi mmoja nyundo. Nyuma yake maji yamepwa, tope, halafu mstari wa mikoko, halafu mbingu. Mashua nyingine imeegeshwa kule nyuma, mlingoti wake umesimama. Chini kushoto dumu la manjano, kamba, vipande vya mbao. Ukingoni kulia kijana amesimama, nusu yake imo nusu haimo. Kuna gunia lenye maandishi.

Nikaigeuza picha kichwa chini miguu juu. Hii mbinu ni ya kweli, ukiigeuza akili inaacha kusema "huyu ni fundi, hili ni dau" inaanza kuona maumbo tu, peusi wapi, peupe wapi, rangi kali wapi. Nikaona vitu vitatu vinapiga kelele: dumu, mbingu nyeupe, na maandishi ya gunia. Mkono wa fundi ambao ndo habari yenyewe ulikuwa umepotea ndani ya weusi wa ubao.

Basi hapo ndo pa kuanzia.

Theluthi

Kila mtu anaanza na kanuni ya theluthi na mimi nimeanza nayo. Unagawa fremu sehemu tatu kwa upana na tatu kwa urefu, mistari minne, inakutana pahali pane, kitu chako unakiweka kwenye mstari au pale inapokutana badala ya katikati. Ndo hio gridi ya kwenye simu.

Kilichonifurahisha ni historia yake. Jina hilo alilitoa Mwingereza John Thomas Smith, mchoraji, mwaka 1797, na kamera haikuwepo, mbinu ya Daguerre ya kupiga picha ilitangazwa Ufaransa 1839, so kanuni imeitangulia picha ya kamera kwa miaka 42. Na Smith hakuwa anasema weka mtu kwenye makutano, alikuwa anazungumzia kiasi, kwamba mwanga na giza visigawane nusu kwa nusu, ardhi na mbingu visigawane nusu kwa nusu, kimoja kitawale theluthi mbili na chengine theluthi moja. Hii ilinifungulia zaidi kuliko gridi. Nikachukua ile karatasi nyembamba nikapaka penseli kila penye giza, nikaona picha yangu imegawika karibu nusu bila mshindi, dau jeusi chini, mbingu nyeupe juu, macho yanavutwa huku na huku. Kwa sentensi yangu mshindi anatakiwa awe dau. Mbingu haina kazi kwenye kalafati. So uamuzi wa kwanza: mbingu ipungue mpaka iwe ukanda mwembamba au itoke kabisa, ubao utawale.

Nimesoma pia ile hesabu ya uwiano wa dhahabu, 1.618, njia nyengine ya kugawa fremu, watu wanabishana nayo sana. Nikaipima. Kwenye picha ya pikseli 4000 mstari wa theluthi unaangukia 1333, wa dhahabu unaangukia 1528, tofauti ni pikseli 195, yaani chini ya asilimia tano ya upana. Fundi mwenyewe akiinua kiwiko anasogea zaidi ya hapo. Sioni sababu ya kugombana kwa hilo, nimeiweka kando.

Mistari elekezi

Hapa dau limenisaidia lenyewe. Ukitazama ubavu wa chombo, mbao zote zinakimbia kuelekea omo, kule mwisho zinakusanyana zinakuwa kitu kimoja. Hakuna mstari mzuri zaidi wa kuongoza jicho, na haukuwekwa kwa ajili ya picha, umewekwa ili chombo kipasue maji. Mshono unaokalafatiwa nao ni mstari, mwembamba, mweusi, na pamba nyeupe inaufuata. Yaani habari ya picha ni mstari!

Sasa mistari elekezi ina masharti mawili, moja inaanzia wapi (vizuri ianzie ukingoni au konani ili jicho liingie nayo) na pili inaishia wapi. Hili la pili ndo zito. Mistari ya dau inaishia omo, na omo kwenye picha ya kuanzia ilikuwa imegusa ukingo wa kulia, so jicho linateleza juu ya mbao linapita fundi linatoka nje kwa yule kijana aliyekatwa nusu. Wahenga wetu walishasema, kwenda tezi na omo marejeo ngamani, na jicho nalo linataka marejeo, likifika omo lipate cha kulirudisha ndani. Cha kulirudisha ni fundi mwenyewe kama amekaa akitazama kushoto, kinyume cha mistari. Uso na mwili wa mtu nao ni mstari, jicho la mtazamaji linafuata anakotazama mwenye picha. Na anatazama nini? Patasi yake. Nimechora mishale kwenye karatasi: mbao zinakwenda kulia, zinamgonga, yeye anatazama chini kushoto, jicho linashuka kwenye patasi, kutoka patasi linarudi na mshono kushoto, na safari inaanza tena. Imekuwa duara!

Kumbe nafasi ya kutazamia, yaani kumwachia mtu wazi upande anaoutazama, inatokana na hilohilo. Sio adabu ya picha tu.

Mazoezi mjini

Matondoni iko mbali kidogo na mjini, na boti linataka nauli, so katikati ya wiki nafanya mazoezi ya istilahi vichochoroni kwetu Mkomani. Kuna zinazofundishika hapa kuliko pahali popote.

Fremu ndani ya fremu: nenda penye wikio, kile chumba kilichopita juu ya njia kuunganisha nyumba na nyumba. Simama gizani chini yake, mbele yako kuna mwanga, anayepita amezungukwa na giza pande zote na jicho halina pa kwenda isipokuwa kwake. Utahitaji kugusa skrini pale penye mwanga na kushikilia mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, la sivyo simu inajaribu kuling'arisha giza na kile cha mbele kinaungua kuwa cheupe.

Ulinganifu: milango. Mbao mbili, mfaa (ule ubao wima wa kati) katikati, nakshi kushoto na kulia zinajibizana. Ulinganifu unataka katikati halisi, hapa theluthi haina kazi, na simu iwe wima kabisa sambamba na mlango maana ukiiinamisha kidogo tu miimo inaegemeana juu. Vichochoro vyetu ni vyembamba huwezi kurudi nyuma, so nimejifunza kuchukua sehemu ya mlango tu, mfaa na nusu ya kila upande.

Kina na mahali mistari inapokutana: Usita wa Mui, njia kuu ya mji, asubuhi, kuta mbili ndefu zinakimbilia mbele. Hii rahisi.

Jambo moja la hapa lazima niliseme. Kina mama wengi wa Lamu hawataki kupigwa picha na ni haki yao, mtu akivaa buibui kupita kichochoroni hajajitolea kuwa kivutio kwenye fremu ya mtu. Nangoja njia iwe tupu, au namwomba ndugu yangu apite. Wanaofundisha mpangilio wanasema "weka mtu ili kuonyesha ukubwa" kirahisi tu. Uliza kwanza, akikataa piga ukuta.

Kumtenga mtu na kilicho nyuma yake

Hii istilahi ndo imebeba mradi wote, na ningekuwa namfundisha mtu ningeanza nayo kabla ya theluthi. Kwa kifupi ni umbo na usuli, kitu chako kionekane kimejitenga na kilicho nyuma, kisigusane nacho pahali pabaya. Kamera ina jicho moja, sisi tuna mawili. Ukisimama pale ufukweni unajua kabisa mlingoti uko mbali na fundi yuko karibu, lakini kwenye picha vyote vimelala kwenye bapa moja na mlingoti unaota kichwani kwake. Mstari wa mikoko nao ulikuwa unapita sawasawa shingoni. Na mkono mweusi juu ya ubao mweusi, patasi nyeusi juu ya mshono mweusi.

Jaribio la kujua ni kukunja macho karibu uyafumbe, maelezo yanapotea yanabaki madoa ya giza na mwanga. Kama umbo la mtu bado linasomeka hapo, picha ina uti wa mgongo. Langu halikusomeka.

Nikarudi Matondoni. Fundi nimemkuta kazini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeregea?"

"Nimeregea. Picha ile nimeisoma, mkono wako hauonekani vyema, nataka kujaribu kutoka pengine."

Akacheka akasema pita popote lakini usisimame kwenye jua langu, na uso wake nisiuweke mtandaoni. Nikamwambia habari yangu ni mkono na mshono, akaridhika, akasema basi njoo huku maana watu wote husimama kule. Aliponielekeza ni ndani, upande wa dau la pili ambalo bado ni mifupa, mataruma yamesimama hayajavaa ubao.

Nikahesabu vitu vinavyobadilika bila kugusa kitu. Ukichuchumaa, kichwa chake kinapanda juu ya mstari wa mikoko. Ukisogea hatua moja kulia, mlingoti unajificha nyuma ya omo. Ukizidi kushuka mpaka goti linagusa mchanga, mkono wenye nyundo unatoka kwenye ubao unaingia kwenye uwazi wa nyuma. Goti na hatua moja! Hakuna programu inayofanya hivyo, ukirudi nyumbani mlingoti ushaingia kichwani unabaki kufutafuta kwa kidole.

Na yale mataruma nikayatumia. Ukipiga kutoka ndani ya dau la mifupa, mataruma mawili yanasimama kushoto na kulia ya fremu, meusi, yamepinda, fundi yuko katikati ya uwazi. Mataruma hukatwa kwenye mti uliopinda wenyewe so kila moja lina mkunjo wake, marudio yapo ila hayafanani kabisa, na huo ndo mdundo mzuri, kitu kinachojirudia kikivunjwa kidogo. Fremu ndani ya fremu niliyoifanyia mazoezi chini ya wikio ikaja kufanya kazi hapa, na hapa ina maana zaidi maana mtazamaji anaona chombo kabla ya ubao na chombo baada ya ubao ndani ya picha moja. Hili ndo limenifurahisha kuliko yote ya mradi mpaka sasa.

Uzito wa macho

Kila kitu kwenye fremu kina uzito, sio wa kilo, wa kuvuta jicho. Vinavyovuta: uso wa mtu, maandishi, rangi kali, penye mwanga mkali katikati ya giza, na chochote kilichogusa ukingo. Dumu la manjano ni dogo lakini lilikuwa linashindana na mtu mzima. Gunia lile lina herufi, na jicho likiona herufi linasoma, halina hiari.

Swali lilikuwa niliondoe dumu? Nimeamua sigusi. Ni sehemu ya kazi, na nikishaanza kupanga vitu ufukweni pa watu picha inakuwa maigizo. Kwa mahali papya pa kusimama dumu limefichwa na taruma la kushoto, gunia limetoka nje ya fremu. Kwa wanaopiga picha za biashara ni sawa kusogeza, mimi hapa nachora kazi ilivyo.

Mizani bado ilinisumbua kidogo maana fundi, omo na nyundo vyote viko upande mmoja. Mizani sio lazima vitu viwe sawa pande zote, kitu kidogo cheupe mbali kinaweza kubeba kikubwa cheusi karibu. Kushoto kuna rundo la pamba juu ya mkeka. Jeupe, dogo, na linahusika na sentensi ya daftari. Nimeliacha limo.

Umbali, lenzi, na ule ukungu wa simu

Fupi hapa. Nilidhani zumu inabadilisha mkabala, yaani vitu vya mbele na nyuma vinavyohusiana kwa ukubwa, kumbe mkabala unatokana na umbali uliosimama tu, lenzi inakata upana basi. Ukimsogelea fundi mpaka mita moja na nusu na lenzi pana, mkono unakuwa mkubwa na mikoko inakuwa midogo mbali. Ukirudi nyuma mita sita ukazumu, mkono unabaki saizi ileile kwenye fremu lakini mikoko inakuja kumkaba mgongoni. Kwa hio picha nimechagua karibu. Angalizo, lenzi pana inavuta vitu vya ukingoni, usimweke kichwa konani kitarefuka.

Ule mtindo wa simu wa kutia ukungu nyuma nimeujaribu nikauacha. Sensa ya simu, kile kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo so kiasili karibu kila kitu kinakuwa kikali, ukungu ule ni programu inakisia ukingo wa mtu uko wapi, na kwenye nyundo iliyo hewani na nyuzi za pamba inakisia vibaya, inakula nyuzi. Nyuzi ndo habari yangu.

Mwanga na bamvua

Hapa mpangilio na kalenda ya mwezi vimekutana, na hili hulikuti kwenye masomo ya watu wa bara.

Kwanza jua. Lamu tuko kama nyuzi mbili na robo kusini ya mstari wa ikweta, jua linachomoza karibu wima na kuzama karibu wima, linapanda nyuzi 15 kwa saa, so ule mwanga laini wa dhahabu wa chini ya nyuzi sita haufiki nusu saa. Adhuhuri ni balaa, katikati ya Machi na mwisho wa Septemba jua linapita utosini kabisa, vivuli vinajificha chini ya vitu, ubao unakuwa bapa. Lakini mradi wangu hautaki machweo, unataka mwanga wa ubavuni, kama saa kumi mpaka kumi na moja alasiri, unaopita sambamba na ubao ukafanya kila mshono uwe na kivuli chake. Ubao uleule saa sita ni rangi moja, saa kumi una mikunjo, alama za tezo, misumari, yote.

Sasa maji. Nilisema nyuma ya fundi ni tope na mikoko, yote ya kijivu cha kati, mkono hautengani nayo. Maji yakijaa yanakuwa meupe kwa kung'aa na mkono mweusi unasomeka kutoka mbali. So nataka maji kujaa saa kumi alasiri. Huku pwani yetu bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kama saa kumi, saa kumi na moja, na hupwa kama saa nne, saa tano. Maji mafu, siku za nusu mwezi, ni kinyume, alasiri yanakuwa yamepwa. Na kila siku yanasogea mbele kama dakika 50. Kwa hio siku zangu ni chache tu karibu na mwandamo na karibu na mpevu, zilizobaki mwanga ukiwa mzuri maji hayapo, maji yakiwepo mwanga haupo. Mvuvi yeyote anaijua hesabu hii bila kufikiri, mimi nimeiandika kwenye daftari la picha na nimeona fahari.

Bamvua

Nimeipata. Naandika nikiwa bado nina mchanga miguuni.

Nilikuwa ndani ya mifupa ya dau kabla ya saa kumi, goti chini, nikagusa skrini kwenye mkono wake nikafunga kipimo, nikashusha mwanga kidogo ili maji yasiungue. Halafu kungoja. Mpangilio umeshakaa, kilichobaki ni tukio, na kalafati ina mapigo yake: anaweka pamba, anashika patasi, nyundo inapanda, inashuka, anasogea. Nyundo ikiwa chini mikono imebanana ni fundo moja jeusi halisomeki. Ikiwa juu kabisa kuna pembetatu, kichwa, nyundo, patasi, na ndani ya pembetatu maji meupe. Nikamsikiliza mapigo mpaka nikawa nabonyeza kwa sikio. Simu nyingi zina kuchelewa kidogo, so unabonyeza nyundo ikiwa inaondoka sio ikiwa imefika, na ukishikilia kitufe inapiga mfululizo.

Picha yenyewe kwa istilahi: mataruma mawili yanafremu. Ubao umetawala kama theluthi mbili, maji theluthi moja, mbingu haimo. Mshono unaingia kutoka ukingo wa kushoto, unapita rundo la pamba, unakwenda kulia mpaka kwenye patasi. Patasi iko karibu na makutano ya chini kulia ya gridi, sikuilenga, imefika hapo kwa sababu ya mengine yote. Nyundo juu, imezungukwa na maji. Uso umeinama, kofia imeufunika, kama tulivyokubaliana. Uzi wa pamba unaning'inia umeshika jua.

Nimemwonyesha dada yangu bila kumweleza kitu nikamuuliza jicho lako limeanzia wapi. Akasema nyundo, halafu mkono, halafu "hii nyeupe ni nini inaingia hapa?" Nikafurahi sana.

Kukata na kuchapa

Simu inapiga 4 kwa 3, dau ni kitu kirefu kinataka 3 kwa 2, uwiano wa filamu ya milimita 35 yaani milimita 36 kwa 24. Nimekata juu kwa sababu kulikuwa na kijisehemu cha mikoko, na ukingo wa kulia kidogo, imebaki 3720 kwa 2480. Rangi sikuigusa, nimeongeza kidogo giza kwenye taruma la kushoto maana bado alama ya manjano ya dumu ilikuwa inachungulia kwenye uwazi.

Kwa kuchapa, kiwango cha kawaida ni nukta 300 kwa inchi. Nimeipanga sentimita 27 kwa 18 katikati ya karatasi ya A4, inatoka nukta 350 kwa inchi, inatosha kabisa, na ukingo mweupe wa kama sentimita moja na nusu unazunguka. A3 ingetaka kama pikseli 4960 kwa upana, sina, siilazimishi. Nakala mbili, moja yangu, moja ya fundi, naipeleka boti la kwanza nitakalopata.

Kuna kitu kimoja bado sijakimaliza, kona ya chini kulia kuna kipande cha gogo kinachogusa ukingo, nikikikata nakata ncha ya omo. Nimekiacha. Na pale ufukweni kuna mashua kuukuu inangoja kupakwa deheni, yaani mafuta ya kulinda mbao za chombo, kazi hio hufanywa maji yakipwa, so kwa bamvua ijayo itakuwa asubuhi saa nne, jua la upande wa pili, na mahali pa kusimama lazima nipatafute upya kuanzia mwanzo.